Tanbihi za Pambizoni: Kutoka Ukurasa wa Chapa hadi Kioo cha Simu

Katika mapokeo ya usomi wa Kiarabu, ambayo athari zake katika pwani ya Afrika Mashariki hazihitaji kuthibitishwa hapa, maandishi ya katikati ya ukurasa huitwa matn, ufafanuzi wake huitwa sharh, na maelezo yanayoandikwa ukingoni huitwa hāshiya, neno ambalo pia lina maana ya pindo la nguo. Kiswahili kimepata humo matini, na sherehe kwa maana ya ufafanuzi wa maneno magumu. Istilahi hizi zinaonyesha kwamba pambizo halikuwa nafasi tupu. Lilikuwa makao ya sauti ya pili, na msomaji alitakiwa aisikie bila kuichanganya na ya kwanza.

Hatari ya kuchanganyika ilikuwapo tangu zamani. Mnakili aliyechoka aliweza kuliingiza neno la pambizoni ndani ya matini, na mnakili aliyemfuata akalipokea kama neno la mtunzi. Wataalamu wengi wanaamini kwamba ndivyo maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni yalivyoingia katika nakala za Kilatini za Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 5, na hatimaye katika chapa ya Kigiriki ya Erasmus ya mwaka 1522. Kwa upande wa Kiswahili, yatosha kuwakumbuka W. E. Taylor na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, waliozihifadhi tungo za Muyaka pamoja na maelezo yake, kabla W. Hichens hajazitoa kitabuni mwaka 1940. Maneno mengi ya Kimvita cha kale yangekuwa fumbo kwa msomaji wa leo lau yasingefafanuliwa, na ufafanuzi huo ungekuwa na madhara lau ungedhaniwa ni mashairi.

Suala hili limerudi kwa sura mpya. Mwaka 1977 Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, baada ya kuchukizwa na sampuli za chapa za kitabu chake, alianza kubuni TeX, programu ya kupanga chapa. Juu ya msingi huo Leslie Lamport alijenga LaTeX, na kitabu chake cha kuifafanua kilitoka mwaka 1986. Miongoni mwa amri zake imo ya kuweka maelezo pambizoni. Kanuni zake ni za mchapaji wa jadi: katika kitabu chenye kurasa mbili zinazotazamana, maelezo huwekwa upande wa nje, yakigongana, ya pili husukumwa chini, na programu humwonya mwandishi kwamba yamehama. Yote haya yanawezekana kwa sababu moja: upana wa karatasi unajulikana kabla ya neno la kwanza kupangwa.

Wavuti, ulioanzishwa na Tim Berners-Lee huko CERN na kufunguliwa kwa umma mwaka 1991, hauna karatasi. Upana ni wa msomaji, si wa mwandishi. Rasimu ya HTML 3.0 ya mwaka 1995 ilipendekeza alama maalumu ya tanbihi, lakini haikupata kuwa kanuni. Kwa hiyo njia iliyokuwa rahisi katika kuigeuza LaTeX kuwa kurasa za wavuti ilikuwa kuyapeleka maelezo ya pambizoni mwisho wa waraka na kuyaunganisha kwa namba.

Mwanaisimu ataona mara moja kilichopotea. Tanbihi yenye namba hufanya kazi kama kirejeshi "hicho": hurejelea kilichokwisha kutajwa, hata kikiwa mbali. Maelezo ya pambizoni ni "hiki": hayana namba, na maana yake yote imo katika ukaribu. Ukiyahamisha, umeyanyang'anya kiungo pekee yaliyokuwa nacho.

Dawa ilikuja polepole. CSS, lugha ya mitindo ya kurasa iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kuidhinishwa mwaka 1996, ilitenganisha maandishi na sura yake. Mwaka 2010 Ethan Marcotte alieleza usanifu unaojirekebisha kulingana na kioo, na mwaka 2012 masharti ya upana yakawa kanuni rasmi. Tangu hapo maelezo yale yale yanaweza kuelea pambizoni kwenye kioo kipana, na kwenye simu yakawa kisanduku kilichojongezwa ndani, chini ya aya yake. Wapo wanaopendelea kuyaficha nyuma ya alama ya kubonyezwa. Mtindo huo unapendeza macho, lakini haufai kwa sherehe, kwa kuwa msomaji anayedhani amelielewa neno hatabonyeza, na huyo ndiye aliyeandikiwa.

Ushairi wa Kiswahili huutia mfumo huu katika mtihani mkali. Mshororo wa shairi wenye mizani 16 huweza kuujaza upana wote wa simu, na kuvunjika mahali ambapo si kituo. Ukiweka maelezo katikati, ubeti umekatika. Ukiyaweka mwisho wa utungo wenye beti mia mbili, yamepotea. Mahali panapofaa ni baada ya ubeti, kwa herufi za sura nyingine, na neno linalofafanuliwa lirudiwe mwanzoni mwa maelezo ili ukaribu uliopotea ulipwe kwa jina. Aidha, kwa tungo zinazochapwa kwa hati ya Kiarabu, mitindo iandikwe kwa mwanzo na mwisho wa mstari, si kwa kulia na kushoto, la sivyo maelezo yataangukia upande usiotarajiwa.

Tangu Desemba 2023, hazina ya makala za kisayansi ya arXiv imekuwa ikitoa matoleo ya HTML yanayotokana na LaTeX, kwa kutumia programu ya LaTeXML, hasa kwa ajili ya wasomaji wenye ulemavu wa macho. Wasomaji hao hawaoni pambizo wala sura ya herufi. Programu inayowasomea kwa sauti hufuata mpangilio wa maandishi yalivyohifadhiwa, na kama maelezo hayakutambulishwa humo kuwa ni maelezo, yatasomwa moja kwa moja na mshororo, kwa sauti ile ile, kana kwamba Muyaka ndiye aliyeyatunga.