Ukame, Moto na Mafuriko: Jinsi Majanga Yanavyozidishana Nguvu Dumila

Wakazi wa Dumila, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, wanaweza kufikwa na mafuriko siku ambayo kwao halijadondoka hata tone. Mji huo mdogo upo bondeni, kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, na Mto Mkundi huleta hapo maji ya milimani kabla ya kuyapeleka Mto Wami.

Mlolongo wa hatari huanza kiangazi. Ukame hukausha nyasi. Moto wa kuandaa shamba ukiponyoka, hupanda mlimani na kuacha miteremko mitupu. Mvua kubwa ya kwanza huikuta ardhi ngumu, isiyo na majani ya kupunguza kasi ya maji wala mizizi ya kuushika udongo. Maji huteremka na tope, mchanga na magogo. Mchanga huo hutuama bondeni na kupunguza kina cha mto, hivyo msimu unaofuata mvua ya kiasi kilekile hufurika kwa wepesi zaidi. Magogo nayo hukwama kwenye nguzo za madaraja.

Januari 2014 mafuriko yalizikumba Dumila, Magole na vijiji jirani, yakabomoa nyumba na kukata barabara darajani. Kuanzia hapo halikuwa tena janga la Kilosa pekee: mabasi na malori ya Kanda ya Kati, Kanda ya Ziwa na nchi jirani yalikwama. Miaka minne kabla, mafuriko ya Mto Mkondoa yalikuwa yameharibu Reli ya Kati katika wilaya hiyohiyo.

Maji yakipungua, hatari hubadilika sura. Vyoo vilivyofurika huchafua visima, na kipindupindu hupata njia katika kaya ambazo tayari zimepoteza akiba ya chakula.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) nayo hutoa taarifa kwa viwango vya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwa mkazi wa Dumila, taarifa inayohusu Gairo na maeneo mengine ya juu ina uzito uleule wa ile inayotaja Kilosa.