Ushindani wa pesa za simu nchini Tanzania

Ushindani wa pesa za simu nchini Tanzania ni namna kampuni za mawasiliano zinavyogombea wateja, mawakala na ada katika huduma za kutuma, kupokea na kutunza pesa kwa simu ya mkononi. Huduma hizo zilianza nchini mwaka 2008. Kwa miaka sita ya kwanza kila kampuni iliendesha mfumo uliofungwa: pesa iliyokuwa katika mtandao mmoja haikuweza kuingia moja kwa moja katika akaunti ya mtandao mwingine. Kati ya mwaka 2014 na 2016 kampuni kubwa ziliunganisha mifumo yao kwa makubaliano, na kwa sababu hiyo Tanzania hutajwa mara nyingi katika mijadala kuhusu nguvu za kampuni kubwa za teknolojia sokoni.

Mazingira: mfano wa Korogwe

Umuhimu wa jambo hili unaonekana vizuri katika Wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga. Wilaya hiyo ina mashamba ya mkonge kwenye tambarare, chai katika safu ya milima ya Usambara, na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha inayopita Korogwe mjini na Mombo. Tangu enzi za ukoloni mashamba ya mkonge yalivuta wafanyakazi kutoka mbali, walioitwa manamba. Mtu anayefanya kazi mbali na kwao hana budi kutuma pesa nyumbani.

Kabla ya simu njia zilikuwa chache. Posta ilikuwa na mani oda, lakini mpokeaji alilazimika kufika kwenye ofisi ya posta. Wengi walimkabidhi bahasha dereva au kondakta wa basi, au ndugu aliyekuwa safarini. Pesa ilichelewa, na mara nyingine haikufika. Kwa mzazi aliyekaa juu milimani, Bungu au Vugiri, nauli ya kushuka mjini na kurudi ilikula sehemu ya pesa yenyewe. Pesa za simu ziliondoa sehemu kubwa ya usumbufu huo, lakini zilileta swali jipya: mtumaji na mpokeaji wako mtandao gani?

Kampuni

M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya na Safaricom mwezi Machi 2007. Mwaka uliofuata Vodacom Tanzania ilianza kuitoa huduma hiyo nchini, na Zantel ikaanzisha Z-Pesa, iliyobadilishwa baadaye kuwa Ezypesa. Zain ilifuata na huduma ya Zap; kampuni hiyo iliponunuliwa na Bharti Airtel ya India mwaka 2010, huduma ikawa Airtel Money. Tigo ilianzisha Tigo Pesa mwaka huohuo wa 2010. Halotel, kampuni ya Viettel ya Vietnam, iliingia sokoni mwaka 2015 ikilenga sana vijijini, na baadaye ikaanzisha Halopesa. TTCL, ambayo ni shirika la umma, ina T-Pesa.

Wamiliki wamebadilika mara nyingi. Tigo, iliyokuwa imeinunua Zantel, iliuzwa kwa kundi la Axian mwaka 2022, na mwaka 2024 ikabadilisha jina kuwa Yas. Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017, kwa kufuata sheria iliyozitaka kampuni za simu zifanye hivyo.

Nguvu ya sokoni inatoka wapi

Katika biashara ya kawaida, kama ya sukari au saruji, mteja hajali sana jirani yake ananunua wapi. Pesa za simu ni tofauti. Laini ina thamani kwa mteja kulingana na idadi ya watu anaoweza kuwatumia pesa na kupokea kutoka kwao. Kampuni yenye wateja wengi huvuta wengine kwa sababu tu ina wengi, hata kama ada zake ni za juu. Wanauchumi huita hali hiyo athari ya mtandao, na ndiyo pia inayoipa WhatsApp au Facebook nguvu zake.

Kabla ya mwaka 2014, kumtumia mtu wa mtandao mwingine kuliwezekana kwa njia ya kuzunguka. Mpokeaji alipata ujumbe wenye namba maalumu, kisha alimtafuta wakala wa mtandao wa mtumaji na kutoa pesa yote taslimu. Hakuweza kuiacha katika simu yake, na ada ya mtumaji ilikuwa kubwa zaidi. Wateja walijitetea kwa kununua laini mbili au tatu. Wenye simu ya laini moja walikuwa wakifungua simu na kubadilisha laini kila walipongoja pesa, jambo ambalo watu wengi wa rika fulani bado wanalikumbuka.

Chanzo cha pili cha nguvu ni mawakala. Wakala huweka mtaji wake katika sehemu mbili: pesa taslimu mkononi na floti, yaani salio la kielektroniki. Mteja anapoweka pesa, floti ya wakala hupungua. Anapotoa, taslimu hupungua. Siku ya gulio au ya mishahara ya shamba, taslimu huisha mapema, na wakala wa kijijini anapaswa kwenda benki au kwa wakala mkuu mjini kusawazisha. Kadiri mitandao inavyokuwa mingi, ndivyo mtaji wake unavyogawanywa vipande vidogo zaidi, kwa sababu floti ya mtandao mmoja haimhudumii mteja wa mwingine. Hapo kampuni kubwa ina nafasi nzuri, maana wakala mwenye mtaji mdogo huweka floti nyingi pale penye wateja wengi. Hata hivyo mawakala wengi wa Tanzania wamehudumia mitandao kadhaa kwenye meza moja. Nchini Kenya Safaricom iliwafunga mawakala wake kwa masharti ya kuhudumia M-Pesa pekee hadi mwezi Julai 2014, ilipoyaondoa baada ya Airtel kulalamika kwa mamlaka ya ushindani.

Cha tatu hakionekani kwa urahisi. Menyu zinazofunguliwa kwa namba kama *150*00# au *150*01# hupita katika njia inayomilikiwa na kampuni ya simu yenyewe. Benki au kampuni changa inayotaka kumfikia mteja asiye na simu janja lazima ipite katika lango hilo, ambalo mwenye lango ni mshindani wake. Nchi za Magharibi hulalamika hivyohivyo kuhusu maduka ya programu ya Apple na Google.

Kuunganishwa kwa mitandao

Mazungumzo ya kuunganisha mifumo yalisaidiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), huku Benki Kuu ya Tanzania ikiyaunga mkono bila kutoa amri. Airtel na Tigo zilitangulia mwaka 2014, na Zantel ikajiunga baadaye mwaka huohuo. Vodacom, yenye wateja wengi kuliko zote, ilijiunga mwezi Februari 2016. Mpangilio huo wa tarehe unaeleza mengi, kwani kampuni ndogo ndizo zilizokuwa na haraka, na ile iliyofaidika zaidi na ukuta ikawa ya mwisho kuubomoa. Kukaa nje nako kulikuwa na hasara, hasa wateja wengi walipokuwa tayari na laini ya pili.

Tangu hapo pesa huingia katika akaunti ya mpokeaji hata kama yuko mtandao mwingine. Nchini Kenya, ambako Safaricom ilishika sehemu kubwa zaidi ya soko, hatua kama hiyo ilifikiwa mwaka 2018. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2022 sheria inayozilazimisha huduma kubwa za ujumbe, kama WhatsApp, kuruhusu mawasiliano na huduma nyingine.

Kuunganishwa hakukuondoa tofauti za ukubwa. Ushindani ulihamia kwenye mikopo midogo na malipo ya dukani. Mwaka 2014 Vodacom ilianzisha M-Pawa pamoja na Commercial Bank of Africa, na baadaye Songesha, inayomwezesha mteja kukamilisha muamala salio lisipotosha. Kampuni huamua nani akopeshwe kwa kuangalia historia ya matumizi ya laini yake. Historia hiyo haihami. Tangu mwaka 2017 mteja anaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yake ileile, lakini kiwango chake cha kukopa huanza upya, na huu ni ukuta mpya uliochukua nafasi ya ule wa zamani.

Sheria na ada

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani (FCC). Ilipotungwa, ilihesabu kampuni kuwa na nguvu kubwa sokoni ikiwa sehemu yake inazidi asilimia 35 na ikiwa yenyewe peke yake inaweza kupunguza ushindani kwa muda mrefu huku ikipata faida. Kuwa mkubwa si kosa; kosa ni kutumia vibaya ukubwa huo. Mawasiliano yanasimamiwa na TCRA, na malipo yanasimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015.

Bei ya muamala haitokani na kampuni pekee. Mwezi Julai 2021 serikali iliweka tozo ya hadi shilingi 10,000 kwa muamala, juu ya ada za kampuni. Malalamiko yalikuwa makubwa. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huo, na ikapunguzwa tena mwaka 2022. Benki Kuu nayo imejenga mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na mitandao ya simu mahali pamoja badala ya mikataba ya kampuni mbilimbili.