Viza Tatu za Kaunas, 1940

Neno viza limeingia katika Kiswahili kutoka lugha za Ulaya, na asili yake ni Kilatini, lenye maana ya kitu kilichotazamwa: yaani karatasi iliyokwisha kukaguliwa na mwenye mamlaka. Kiswahili kilikuwa tayari na kitenzi kuviza, yaani kuzuia kitu kisikue, kama isemwavyo yai viza, lisiloanguliwa. Maneno haya hayana udugu, lakini kwa msafiri maana zake zimekutana mara nyingi.

Wengi hudhani kuwa viza ni ruhusa moja tu, ya kuingia katika nchi ya watu. Kwa kweli ruhusa za safari ni tatu: ya kutoka, ya kupitia na ya kuingia. Ikikosekana moja, nyingine huwa bure. Jambo hili lilidhihirika mjini Kaunas, Lithuania, mwaka 1940.

Maelfu ya Wayahudi waliokimbia Polandi baada ya kuvamiwa Septemba 1939 walikuwa wamekusanyika Lithuania. Juni 1940 majeshi ya Kisovieti yaliikalia nchi hiyo. Upande wa magharibi walikuwako Wajerumani. Njia iliyosalia ilikuwa ya mashariki, kwa reli ya Siberia hadi Japani. Lakini ruhusa ya kutoka ilihitaji viza ya kupitia Japani, nayo Japani haikutaka kumpitisha mtu asiye na mwisho wa safari.

Mwisho huo uliandikwa na Jan Zwartendijk, balozi mdogo wa Uholanzi mjini humo. Kanuni ya Kiholanzi ilisema kwamba mgeni hakuhitaji viza kuingia Suriname na Curaçao, makoloni yake ya Amerika, ila sharti apate idhini ya gavana. L. P. J. de Decker, balozi wa Uholanzi mjini Riga, alikuwa amekubali kuiandika nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Zwartendijk aliyafuata maneno hayo katika hati zaidi ya 2,000. Basi maandishi yaliyosema kuwa viza haihitajiki ndiyo yaliyofanya kazi ya viza. Kwa kuyategemea hayo, Chiune Sugihara, balozi mdogo wa Japani, alitoa viza za kupitia, ingawa wakubwa wake wa Tokyo walimwagiza asimpe mtu asiyetimiza masharti. Orodha yake ina viza 2,140.

Si wote waliopata hati waliowahi kuondoka. Waliosafiri walifika Vladivostok, wakavuka bahari hadi Tsuruga, wakakaa Kobe. Baadhi yao walipata huko viza za nchi nyingine. Waliokosa walihamishiwa Shanghai mwaka 1941. Juni mwaka huo Wajerumani waliingia Lithuania, na Wayahudi wengi waliobaki waliuawa.

Kwa hiyo historia ya viza haitoshi kusomwa katika sheria peke yake. Kanuni ile ile, ilipoandikwa nzima, ilifunga njia. Ilipoandikwa nusu, iliifungua.