Kunakili Michoro ya Miambani Kondoa

Michoro ya miambani ya Kondoa, kaskazini mwa Dodoma, iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini kazi ya kuinakili ni ya zamani zaidi. T. A. M. Nash, mtafiti wa mbung'o, alichapisha taarifa yake mwaka 1929. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huko miezi mitatu: alibandika selofeni juu ya mwamba, akafuatisha mistari, kisha akaihamishia kwenye karatasi na kuipaka rangi. Alinakili takriban michoro 1,600. Kazi hiyo haina mfano, ingawa jicho la mnakili ndilo lililoamua mstari upi uingie na upi uachwe.

Ugumu wa kuiona michoro hii ni wa mwanga. Wekundu wa michoro hutokana na oksidi ya chuma, na mwamba nao una madoa ya chuma, hivyo mchoro hautofautiani sana na mwamba. Watazamaji wa zamani waliurushia maji. Maji hujaza vitundu vya juu ya mwamba, mwanga hupungua kutawanyika, rangi hukolea. Yakikauka huacha chumvi zinazoumomonyoa mchoro.

Mwaka 2005 Jon Harman wa Marekani alitoa programu ya DStretch, kwa mbinu iliyoanzia kwenye picha za setilaiti. Kila nukta ya picha ina thamani tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kwenye mwamba, hizo tatu hupanda na kushuka pamoja, hivyo tofauti ndogo humezwa. Programu huzitenganisha, huzikuza tofauti hizo, kisha huzirudisha kama rangi. Rangi kama zambarau inayotokea kwenye picha, bila shaka, si ya mchoraji.

Katika Pori la Akiba Swaga Swaga, Maciej Grzelczyk wa Chuo Kikuu cha Jagiellonian, Poland, alikuta mwaka 2018 pango la Amak'hee 4. Matokeo aliyochapisha mwaka 2021 yalitegemea DStretch pia. Michoro karibu yote ni myekundu, ya miaka mia kadhaa. Watu watatu wana vichwa vilivyobonyea katikati, kama pale pembe za nyati zinapoachana. Maana yake bado inajadiliwa, na simbó, ngoma ya Wasandawe wa eneo hilo, hutajwa katika mjadala huo.

Programu haibagui: doa la kutu nalo hukolezwa, kwa hiyo picha ya kompyuta lazima ilinganishwe na mwamba wenyewe. Ubora wake ni kwamba haigusi kitu, na sasa ipo hata kwenye simu. Anayepanda kuona michoro ya Kolo, huko Kondoa, asiumwagie mwamba maji ili picha yake ikolee.