Kwa nini kisima kirefu hubomoka wakati mwamba ni mgumu

Swali hili hurudi mara kwa mara kwenye kipindi chetu: mwamba umekaa pale miaka na miaka bila kutikisika, iweje ubomoke siku mtambo unapoutoboa?

Jibu liko kwenye mzigo. Mita moja ya ujazo ya mwamba ina uzito wa kama tani 2.6, hivyo ukiwa mita 100 chini, kila sentimita ya mraba imebeba takribani kilo 26. Kabla ya kuchimba, kila kipande kimemwegemea mwenzake. Ukitoboa tundu, mzigo uliokuwa unapita pale unahamia kwenye ukuta wake. Mwaka 1898 Mjerumani aitwaye Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba jiwe likibanwa kutoka upande mmoja, ukuta wa tundu la duara hubanwa hadi mara tatu zaidi.

Je, ukuta utahimili? Wahandisi hutumia kigezo cha kuvunjika kwa mwamba. Kilichozoeleka zaidi kilianza na Mfaransa Coulomb, aliyechapisha kazi yake mwaka 1776. Kinasema mwamba hujishikilia kwa vitu viwili: gundi yake ya ndani, na msuguano kati ya chembe zake. Mchanga mkavu una msuguano lakini hauna gundi. Umwage chini utatawanyika, ubane kwenye gunia utasimama. Udongo wa mfinyanzi una gundi, ila ukilowa sana hulegea. Mwaka 1980 Hoek na Brown walitoa kigezo kinachohesabu pia nyufa, maana kipande kizima kilichopimwa maabara si sawa na mwamba uliopasukapasuka ardhini.

Sasa tupige hesabu. Kilo 26 mara tatu ni 78. Jiwe la itale lisilo na ufa huhimili zaidi ya kilo 1,000 kwa sentimita ya mraba. Kwa hiyo kisima cha maji cha mita 100 kwenye itale nzima hakivunjwi na uzito wa ardhi. (Visima vya mafuta vya mita 3,000 ni habari nyingine, huko hata mwamba mzima humeguka.) Kinachobomoka kwetu ni tabaka za juu: udongo, mchanga, mwamba uliooza, na sehemu zenye nyufa nyingi.

Hivyo fundi akikuambia, "Hapa ni mwamba, kesingi ya nini?", muulize mwamba mzima umeanzia mita ya ngapi na juu yake kuna nini. Mabomba ya kesingi ndiyo yanayoshikilia ukuta, na kuyaruka ili kuokoa fedha kunaweza kukugharimu kisima chote. Kamati ya maji idai rekodi ya uchimbaji inayoonyesha udongo na mwamba uliopatikana kila baada ya mita chache, kabla ya kumaliza malipo.

Maji yaliyomo kisimani nayo hutegemeza ukuta. Pampu ikiyashusha kwa kasi, maji ya nje husukuma kuingia na kubeba mchanga. Ukiona mchanga kwenye ndoo siku baada ya siku, punguza kasi ya kuvuta na umwite fundi mapema, kabla pampu haijafukiwa.