Kumfundisha Aliyetuzidi Umri

Miongoni mwetu sisi walimu wako wengi ambao, wakiisha kuwaaga watoto mchana, hurudi tena jioni kuwafundisha watu wazima. Kazi hiyo twaidhania kuwa ni ile ile ya asubuhi, ila wanafunzi wana mvi. Sisi wenyewe tulidhani hivyo tulipopewa darasa letu la kwanza la ngumbaru. Tuliwapanga wazee katika safu, tukawaamuru kuitikia herufi kwa pamoja, na mzee mmoja alipokosea tukamsimamisha mbele ya ubao mpaka akapata. Hakusema neno. Siku ya pili yake hakuja, wala jirani zake wawili hawakuja, na kabla mwezi haujaisha benchi la nyuma lilikuwa tupu. Ndipo tulipoanza kuuliza waliotutangulia walifanyaje, maana katika nchi yetu ya Tanzania kazi hii iliwahi kufanywa kwa bidii kubwa sana.

Usiku wa kuamkia mwaka 1970 Rais Julius Nyerere alihutubia taifa kwa redio, akautangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1967, katika kila watu wazima 100, wapatao 67 walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Ziliteuliwa kwanza wilaya sita, zikiwamo Mafia, Ukerewe na Masasi, ili kazi ikamilike huko kabla ya mwisho wa 1971. Kisha chama cha TANU kiliagiza nchi nzima iimalize kabla ya mwisho wa 1975.

Walimu wangetoka wapi? Wale wa shule hawakutosha. Basi walitafutwa watu wa kujitolea, na wengi wao walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa ahsante ya shilingi 30 kwa mwezi. Hapo msomaji auone uzito wa jambo. Kijana asiyeota ndevu asimama mbele ya shangazi yake na mshenga wa baba yake. Kwa desturi yeye ndiye apaswaye kuamkia shikamoo na kungoja marahaba. Kwa kazi yeye ndiye mwenye chaki. Akiisahau ile desturi, chaki haimfai kitu. Mwenye busara huwaamkia kwanza, huuliza habari za shamba, wala hamwiti mtu kwa jina tupu. Mtu akikosea, hamtaji. Hulirudia neno kwa darasa zima, kana kwamba ni yeye mwalimu aliyelitamka vibaya. Hilo sisi hatukulijua.

Kando ya Ziwa Victoria, tangu 1968, kulikuwa na mradi uliosaidiwa na UNESCO, makao yake Mwanza. Huko walijaribu vitabu vya namna nyingine. Kitabu kikianza na a, e, i, o, u, mtu mzima huona kwamba anafanywa mtoto. Vitabu vya Mwanza vilianza na kazi ya msomaji mwenyewe: pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe, malezi ya nyumbani. Mwalimu huonyesha picha, huuliza, watu huzungumza shida zao, ndipo neno litokapo katika mazungumzo yao na kukatwa vipande. Sisi tumeijaribu njia hiyo kwa neno pamba. Ni pa na mba. Zibadilini irabu, na papo hapo watu huandika wenyewe pembe, pambo, pumba, na pombe pia (hili la mwisho huwa halikawii, na darasa lote hucheka). Kisomo hicho kiliitwa kisomo chenye manufaa.

Mwaka 1973 likaja jambo kubwa zaidi, Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kwa majuma 12, wakisikiliza redio na kusomewa kitabu juu ya malaria, maji na vyoo. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza, nao walifundishwa wasihubiri. Kiongozi huketi na wenziwe, husikiliza pamoja nao, huuliza swali, kisha hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu! Sisi tuliozoea kujijibu wenyewe twaona kimya cha nusu dakika kama aibu, kumbe ndipo mzee anapoyapanga maneno yake. Mwisho kikundi huamua kitu cha kufanya, na kwa maamuzi hayo vilichimbwa vyoo mamia ya maelfu.

Si kwamba yote yalikwenda vema. Majira ya kilimo yalipofika madarasa mengi yalipungua watu, na wengine waliodhaniwa wazito wa akili walikuwa na macho mabovu tu. Hata hivyo, Agosti 1975 ulipofanywa mtihani wa nchi nzima, kati ya watu milioni 5.2 walioandikishwa, milioni 3.8 waliufanya, na wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa 39 katika 100. Kufikia 1986 walikuwa kama 10. Baadaye fedha zilipungua, madarasa yakafungwa, na hesabu ikaanza kupanda tena. Tena, kwa maoni yetu, aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma husahau upesi kama aliyeacha kulima husahau mpini.

Tulipokwisha kuyajua hayo tulikwenda nyumbani kwa mzee yule. Tulimwamkia, tukapewa kigoda, tukazungumza juu ya mvua. Darasa hatukulitaja. Tulipoaga, yeye mwenyewe aliuliza kama mabenchi yangali katika safu. Tukamwambia tumeyapanga duara. Jumatatu alikuja, akaketi karibu na mlango.