Ua la Upanga Mdogo

Wasikilizaji, jina la ua liitwalo gladioli limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya upanga mdogo, kwa kuwa majani yake ni marefu na yenye ncha. Watu wengi hulidhania kuwa ni ua la Ulaya, kwa sababu huliona katika bustani za watu wa mjini. Lakini ukoo wake mkubwa u Afrika.

Mwaka 1841 Louis van Houtte, mkulima wa maua wa mji wa Ghent, Ubelgiji, alianza kuuza gladioli chotara. Mzazi wake mmoja alitoka pande za Natal, Afrika ya Kusini. Kisha mwaka 1890 John Gilbert Baker, mtaalamu wa mimea wa Kew, Uingereza, alilipa jina ua jingine la manjano lililotoka katika milima yetu ya Usagara. Ua la namna hiyo lilionekana tena penye Maporomoko ya Victoria, wakati daraja lililofunguliwa mwaka 1905 lilipokuwa likijengwa. Jani lake la juu limeinama mfano wa kofia, likiukinga unga wa ua usilowe. Wakulima wa Ulaya walilichanganya na maua yao, wakapata rangi mpya za manjano na za machungwa. Siku hizi wataalamu huhesabu ua la Natal na la Usagara kuwa ni aina moja, iitwayo Gladiolus dalenii.

Basi, tuangalie jambo hili. Katika nchi yetu ua hili hulala chini ya ardhi wakati wa kiangazi, likiwa tunguu tu, yaani shina nene lililojaa chakula. Mvua ikinyesha, huamka. Ulaya, baridi kali huua tunguu hilo. Kwa hiyo mkulima hulichimbua, hulikausha, na kulihifadhi ghalani mpaka baridi ipite. Kwa kweli amelitengenezea kiangazi cha Afrika ndani ya ghala!

Mkulima wa Maisaka, chini ya Mlima Kwaraa, hana haja ya kazi hiyo yote. Mvua za Babati zianzapo, mwezi wa Novemba au Desemba, na apande matunguu katika udongo usiotuamisha maji, kina cha sentimita 10 hivi. Baada ya miezi mitatu hivi atapata maua. Majani yakikauka, tunguu jipya limekwisha kuota juu ya lile la zamani.

Nanyi wanafunzi, mkiliona ua la namna hii mlimani, msilidharau kama gugu. Wachanganyaji wa mbegu huyarudia maua ya mwitu watakapo rangi au nguvu mpya. Bustani ikiharibika, hupandwa tena. Lakini aina ya mwitu ikitoweka, hakuna duka liwezalo kuirudisha.